Muganga Aliniambia, Mimi Nikanyamaza

Admin, ficha jina yangu. Simu si yangu; mi nasema, binti wa jirani anaandika, na ameapa hatatoa siri. Niko mwanamuke wa miaka makumi nane na sita, naishi pembeni ya muji wa Baraka, miguu hainibebi tena. Kila asubuhi binti yangu ananiosha na kunipaka mafuta mugongoni. Batu banasema nina bahati. Huyu binti sikumuzaa mimi, ni mutoto wa mudogo wangu, na yeye anajua. Anajua pia kama mama yake alikufa siku ya kumuzaa. Kile hajui ndicho nataka kusema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Babeleji, wazungu waliotutawala, bangali hapa. Nilikuwa nimeolewa na muvuvi, mwaka wa tatu, na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Mavyala wangu, mama ya bwana yangu, aliniita shamba ya mawe, hata mbele ya wageni. Halafu mudogo wangu, nitamuita Feza, akaja kutoka kwetu Lubondja na mimba ya miezi minane, juu bwana yake alikuwa anafanya kazi kwenye mugodi wa mbali na kule kwetu hakukuwa disipanseri. Alikuwa na miaka kumi na saba, anacheka na kila mutu. Haikupita wiki, mavyala akaanza kumupakulia samaki kubwa nikiwa naona. "Huyu ndiye mwanamuke," alisema. "Dada yake anakula bure."

Nilimupeleka disipanseri. Muganga alikuwa kijana mweusi kama sisi, mupole. Alimufinya Feza muguu, kidole ikaacha shimo. Akamuambia akapumzike inje, akabaki na mimi mukubwa.

"Mama, damu yake inapanda. Asifanye kazi, asikae kwenye jua. Akisema kichwa inaluma ao macho inaona giza, mulete saa ileile, usingoje hata ugali kuiva. Bamama banakufa na hii."

Nikasema ndiyo. Njiani Feza, aliyeniita Yaya juu mi ni dada yake mukubwa, akaniuliza, "Yaya, amesema nini?"

"Amesema uko muzima. Unapenda tu kulala."

Sikutaka afe, Mungu anajua. Nilitaka ateseke kidogo, aonje kile nilikuwa naonja kila siku. Nilifikiri nitamupenda tena akishazaa, akisharudi kwao. Nilikuwa kijana, nilizani mutu akiwa hapa leo, kesho atakuwa hapa.

Siku ya nne bwana yangu alileta ndagala nyingi kutoka ziwani. Asubuhi Feza alitoka ndani akishika ukuta. "Yaya, kichwa inaniluma sana. Naona kama nzi weusi mbele ya macho."

Nilikumbuka maneno ya muganga yote, hata moja haikupotea. Nikamuambia, "Mimba haiko bugonjwa. Shika kikapo, twende tuanike."

Akanitii. Angalikataa, angaligombana na mimi, leo ningekuwa na kitu cha kujitetea. Aliinama kwenye jua na lile tumbo, akatandaza ndagala kwenye muchanga. Akaomba kukaa, nikakataa. Baadaye akasema tena, pole sana, "Yaya, naweza kukaa kidogo tu?" Nikageukia bamama wengine: "Muone malkia." Bakacheka. Feza naye akajaribu kucheka. Ndipo akaanguka kifudifudi juu ya samaki, mwili ukitetemeka, povu na damu mudomoni.

Tulimubeba kwenye mukeka mupaka disipanseri. Alizaa bila kufungua macho. Mutoto akalia, mama yake akatetemeka mara moja tena, akanyamaza. Jua ilikuwa ingali juu.

Muganga akatoka, nguo yake nyeupe imejaa damu. Bwana yangu na mavyala bakiwa pale, akaniuliza, "Mama, nilikuambia nini?"

"Hukuniambia kitu."

Akaniangalia. "Mama, sema ukweli. Nina batoto."

"Hukuniambia kitu."

Nililia, na batu bakaamini machozi yangu. Bwana ya Feza aliporudi, alipeleka mashitaka kwa wazungu. Muganga akafukuzwa kazi. Ndugu zetu hawakutosheka, bakamungojea njiani bakamuvunja mukono wa kuume. Akahama na bibi yake na batoto. Sikusikia tena habari yake, na sikuuliza.

Mutoto nilipewa mimi. Mavyala akaanza kuniita mama fulani, kwa jina la mutoto, na samaki kubwa ikawa yangu. Sikuzaa mwingine. Binti alipokua na kuuliza, nilimuambia mama yake aliuawa na muganga mulevi. Hiyo ya ulevi niliongeza mwenyewe. Yule kijana hakunywa hata pombe ya ndizi.

Sasa binti yangu amepita miaka makumi sita. Anataka kujengea kaburi ya mama yake simenti, juu mvua inaila. Mwezi huu alipokuwa ananiosha aliniuliza, "Mama, we ulikuwa naye mupaka mwisho. Alisema nini?" Nikaona macho yake, nikadanganya tena. Nikasema, "Alisema, Yaya, unilindie mutoto wangu." Akapiga magoti, akabusu mikono yangu yote mbili. Ameshamupa fundi hayo maneno ayaandike kwenye simenti. Fundi anakuja siku ya posho, Jumamosi hii.

Nikisema, nitakufa bila mutu wa kunigeuza kitandani, na pengine ni haki. Nikinyamaza, uongo wangu utakaa juu ya kifua cha Feza, na jina la yule muganga litabaki chafu kwa bajukuu bangu. Naye huyu binti ataendelea kuosha kila asubuhi mukono uliomusukuma mama yake kwenye jua.

Nyinyi munaosoma, batoto ba batu, sitaki huruma yenu. Nataka munijibu mbele fundi hajafika: nimuambie, ao nife nayo?