Tundu la Ukutani, Tundu la Goti

Siku moja bado inanirudia, mwanangu, kama harufu ya mvua kwenye nguo iliyokwisha kukauka. Nilikuwa na umri wako, miaka kumi na tatu. Vita vilikuwa vimeingia Kindu, nasi tulikaa mtaa wa Mikelenge kwa Koko, mama ya mama yangu, mlango umefungwa mchana kutwa. Koko alikuwa ametoboa ukuta wa udongo kwa msumari, tundu dogo kama jicho la kuku, akaliziba kwa kitambaa. Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kufungua, chungulia.

Mchana huo Koko alisinzia. Nikasikia kuku wetu wa mwisho akilia nje. Sikuchungulia. Nikadhani ni mwizi, hasira ikanibeba, nikakamata mchi, nikafungua, nikamrukia mtu aliyeinama uani. Kumbe ni jirani yetu Mama Zaina, anatuletea chumvi ndani ya jani. Nikajaribu kumkwepa, mwili ukageuka, mguu ukabaki kwenye tope. Goti likasema to.

"Mutoto huyu," akasema Mama Zaina, "unataka kunitwanga kama majani ya sombe?"

Koko hakucheka. Aliniangalia pale chini, akasema: "Macho yako iko mbele, lakini hasira yako iko mbele zaidi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu halikuvunjika. Lilikatika ndani, mahali macho hayafiki. Akaja fundi wa mifupa, akavuta, akachanja, akapaka dawa nyeusi. Uvimbe ukashuka, tukasema imekwisha. Haikwisha. Miaka mingi goti lile lilikuwa mlango wenye bawaba mbovu, nikigeuka, linatoka. Siku moja nilianguka nawe mgongoni kwenye mteremko wa mto. Ulikuwa na miezi minane. Hukuumia, ila siku hiyo njo niliamua kwenda hospitali.

Niliogopa, sitakudanganya. Nilidhani watanipasua goti kama samaki wa kukausha. Daktari wa Kinshasa akaniambia hapana: matundu mawili, kila moja kama punje ya haragwe. Sindano ya mgongo ikaua miguu tu. Mimi nikabaki macho. Wakajaza goti maji, wakaingiza kamera nyembamba kama kalamu, na ukutani skrini ikawaka.

Mwanangu, niliona ndani yangu. Kulikuwa kweupe na kimya, kama chini ya mto jua likipenya. Vitu laini vilielea polepole, mithili ya majani yanayochezwa na maji. Nikasahau kwamba ni mimi.

"Mama, angalia," daktari akasema. "Njo kamba yako hii. Ilikatika zamani."

Uzi uliochakaa, unapepea. Kumbe huo tu. Nikalia palepale, si kwa maumivu. Wakachukua kamba nyingine nyuma ya paja langu, wakaipitisha ndani ya mfupa kwa kanjia kadogo, wakaikaza mahali pa ile ya zamani. Kisha miezi ya mazoezi, ambayo nayo ilinitoa machozi.

Sasa wewe. Jana, mkicheza nzango shuleni, ule mchezo wenu wa kuruka na kurusha miguu, goti lako lilisema to, ukalificha chini ya sketi. Mbaya zaidi, ukampa shangazi ya rafiki yako alivute kwa mafuta ya mawese. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilikukemea mpaka majirani wakatoka, na sitaomba msamaha kwa yote. Lakini katikati ya kelele nilimkumbuka Koko, nikanyamaza, nikakuangalia. Hukuwa na kiburi. Uliogopa nitakukataza kucheza.

Kutoa nasaha ni kazi ya wazee, najua. Ila goti langu limezeeka kabla yangu, basi sikia. Usivute usichokiona, wala usimwache mtu avute. Labda kamba imekatika, labda imevutika tu. Mimi sijui, wewe hujui, na yule mama wa mawese hajui. Kesho asubuhi nitakubeba mgongoni mpaka kwa daktari, kwa goti hili lililotengenezwa, aangalie kwanza. Nami nitajifunza kuchungulia kabla ya kufungua kinywa.

Mungu akuwekee magoti mawili mazima: ya kupiga mbele yake, ya kurukia nzango, na siku moja ya kupakatia mtoto wako.