Jani Lenye Uzi Mwekundu

Ndugu zangu, siku tuliyomuaga Dokta Ambokile akistaafu nilipika mimi, na aibu yake sijaimaliza.

Dokta alitumia maisha yake kuchunguza jinsi majani yanavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndiye aliyenishauri nipunguze kivuli kwenye shamba langu la mpunga kijijini Ngonga. "Jani ndilo jiko la mmea, Mama Tusa," alisema. Tangu hapo sijakosa wali.

Kwa shukrani nikavikataa vifuniko vya plastiki vilivyojaa madukani tangu biashara ya nje ilipofunguliwa. Wali wa mgeni wa heshima hufunikwa majani ya mgomba. Nyuma ya kituo chake cha utafiti nikayakuta mapana, safi, yamefungwa nyuzi nyekundu zenye vibati vya namba. Mjuaji mimi nikasema namba ni za meza. Nikayakata yote.

Ukumbini Dokta akafunua wali mwenyewe. Akashika kibati, akasoma namba.

"Majani haya tumeyapima kila siku tangu masika," akasema taratibu. Kisha akapakua. "Basi leo yamepika mara ya pili. Ndaga fijo, asante sana. Nani aliyakata?"

Nilikuwa nyuma yake, namfukuzia nzi kwa jani lingine, uzi ukining'inia.