Zaituni Asiyekufa Rede

Enzi zetu, sisi wasichana wa Kasingirima, mtu alikufa mara kumi jioni moja, kisha akaenda kula ugali kwa dagaa wa mawese kama kawaida. Tulikuwa tunakufa kwenye rede. Wawili wanarushiana mpira wa matambara, mmoja yuko kati anajaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa. Ukikugusa umekufa, unatoka, anaingia mwingine.

Shida ilikuwa jirani yangu Zaituni. Zaituni alikuwa hafi. Anajipinda, anaruka, analala chini, chupa inajaa, anaimwaga na kuanza upya. Mimi ndiye niliyekuwa wa zamu baada yake, na zamu haifiki, mama keshaita: "We mtoto, dagaa wataanuliwa na nani?" Wiki nzima nilirudi nyumbani nikilia machozi ya kweli.

Nikaanza kumchunguza. Zaituni alilelewa na bibi yake, na mkubwa akipita lazima apige magoti, aamkie mpaka aitikiwe. Basi siku moja nikamwona balozi wetu wa nyumba kumi akija na baiskeli, samaki wa ziwani, migebuka, wananing'inia kwenye usukani. Siku hiyo nilikuwa mmoja wa warushaji; nikaushika mpira, nikasubiri. Zaituni akapiga magoti, "Shikamoo, Mzee." Nikamtandika nao mgongoni.

Nilishangilia peke yangu. Balozi aliegemeza baiskeli yake, akaniuliza, "Na wewe uliyerusha, mbona hujaniamkia?" Akahukumu palepale kwamba anayeamkia mkubwa hauawi. Zaituni akarudi kati, mimi nikawekwa nje siku tatu.

Kumbe balozi alikuwa ametugawia dawa. Tangu hapo kila aliyeona mpira unamjia alitafuta mkubwa wa kumwamkia. Tuliwaamkia wavuvi, wauza mawese kutoka Simbo, hata dada zetu waliotuzidi mwaka mmoja tu. Mtaa mzima ukatusifu kwa malezi mema. Zaituni alikufa siku njia ilipokuwa tupu kabisa, nami nikaingia kati, mara watu wakaanza kurudi kutoka ziwani, nikaamkia kumi na wawili, chupa ikajaa. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu.

Leo mjukuu wangu ana simu, na ndani yake kuna mchezo wenye jitu ambalo eti haliuawi. Wenzake wamemwonyesha pa kulichoma ili life. Juzi nilipita mbele yake na birika la chai, hakuinua hata jicho, na iliniuma kidogo. Mara akaguna, mtu wake amekufa.

"Pole, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ungeniamkia, ungepona."