Kengele ya Ngamia wa Lomorukai

Watu wa Chechelesi walishamzoea Kajuju. Ukimkuta amechutama nyuma ya banda la kuku, ameelekeza maiki kwa jogoo, unapita kimya tu. Kazi yake ni kunasa sauti za kutiwa kwenye gemu, zile vijana hucheza kwa simu: nyayo kwenye changarawe, mlango wa mabati, mbuzi akikohoa. Kuna wanaosema ana wazimu. Shauri yao!

Sasa kampuni moja ya Nairobi ikamwagiza sauti ya ngamia akitembea na kengele. Akatuma, ikarudishwa. Akatuma tena, ikarudishwa, ati haina uhai. Wakampa hadi Ijumaa, la sivyo kazi yote ya gemu hiyo ingepewa mtu mwingine. Maskini Kajuju!

Akashika njia hadi Oldonyiro kwa mzee Lomorukai, mfugaji aliyemwazima kengele yenyewe, ya mbao. Akamvisha hedifoni asikie ile sauti iliyorudishwa. Mzee alisikiliza kidogo tu, akaangua kicheko.

"Huyu ngamia ameibwa!"

"Ameibwa vipi, mzee?"

"Kengele inalia lakini miguu haiendi. Iko kwa mkono ya mwizi."

Lo! Kajuju aliona aibu. Kweli aliitikisa kwa mkono, chumbani kwake, akikimbia upepo usiharibu sauti.

"Basi tuifunge kwa ngamia, mzee, atembee nayo."

Kicheko kikaisha. Kengele hiyo, mzee akaeleza, ilikuwa ya ngamia jike aliyempenda sana, akafa kiangazi kilichopita. Kumwazima mtu, sawa. Kuivisha shingo nyingine, bado hakuwa ameweza.

"Pole, mzee. Sikujua. Wacha nirudi." Kajuju akaanza kukunja nyaya zake, roho ikimuuma kwa kazi ile na kwa mzee pia.

"Ngoja, mama."

Lomorukai akamwita binti wa yule marehemu, ngamia mchanga mwenye madaha. Akamfunga kengele polepole, akamwachilia aende majini. Kajuju akamfuata kando, viatu mkononi, maiki mbele. Ko-kolo, ko-kolo, mpaka kisimani.

Kisha akamvisha mzee hedifoni tena. Mzee akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Huyu hajaibwa," akasema.

Kampuni iliikubali sauti hiyo Ijumaa ile ile. Na kengele, mzee hakuivua tena shingoni mwa ngamia yule.