Nilivyokuwa mwenye gari tatu kwenye bima moja, na hata baiskeli sina

Wakuu, salamu zenu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa sidhani kama humu wapo wengi walionitangulia kuzaliwa.

Naanza na upumbavu wangu niumalize. Miaka ya hamsini, pale Kikwajuni, Unguja, nilitia saini kwamba mimi ni mwenye basi, lori na gari ya mizigo. Kuendesha sijui. Mpaka leo sijui.

Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kushona kofia barazani kwetu. Safari yangu ndefu ilikuwa msikitini na kurudi. Lakini nilikuwa nimesoma sekondari, na mtaani ukisoma sekondari unaulizwa kila kitu, hata dawa ya jino.

Jirani yetu Bi Zuhura, mjane, alikuwa na basi la Makunduchi. Ndilo lililowalisha wanawe. Mzee Kombo alikuwa na lori la nazi, na Sefu gari ya mizigo ya bandarini. Kila mmoja alikata bima yake, na kila mmoja alilalamika bei.

Nikaenda kuuliza ofisi ya bima mjini. Wakanambia mtu mwenye gari kadhaa za biashara anaweza kuziweka zote kwenye bima moja, bei ikashuka. Ndiyo hiyo siku hizi mnaiita fleet policy.

Nikarudi kichwa kimenivimba. "Tuziandike zote kwa jina moja," nikawaambia.

"La nani?" akauliza Mzee Kombo.

Bi Zuhura akanitazama. "Lako, mwanangu. Wewe ndo' upo nyumbani siku zote. Wakikutaka watakuona."

Mtaani kila mtu alijua gari ipi ya nani. Nikadhani karatasi haina haja ya kujua.

Masika yakaingia. Basi la Bi Zuhura likateleza likitoka Makunduchi, likavaa mnazi. Abiria walitoka na michubuko tu, alhamdulillahi, lakini mbele pote palipondeka. Tukapeleka madai.

Wakala wa bima akaja kumwona mwenye gari. Akanikuta na sindano mkononi.

"Lori lako linalala wapi?"

"Kwa Mzee Kombo."

"Gari ya mizigo?"

"Kwa Sefu."

"Na basi?"

"Kwa Bi Zuhura."

"Na hapa kwako kunalala nini?"

"Mimi," nikamjibu.

Hakucheka. Bima ikafutwa yote, maana nilikuwa nimetia saini uongo. Bi Zuhura hakulipwa. Lori na gari ya mizigo, ambazo hazikugusa mnazi wowote, nazo zikazuiwa kutembea kwa kukosa bima.

Wakuu, hapa ndipo ninapopafikiria mpaka leo.

Lile basi lilivutwa likawekwa uwanjani, mbele ya baraza yetu. Kila asubuhi nikitoka na kofia zangu, linanitazama na taa moja. Bi Zuhura hakunitukana. Akipita na sinia la maandazi ya kuuza, ananisalimu, anakwenda zake. Laiti angenitukana!

Mzee Kombo na Sefu walikata bima zao upya, kila mtu na yake, kisha wakawa wanamgawia Bi Zuhura mapato yao mpaka basi likatengenezwa. Mimi nilichangia kofia.

Wakala yule yule ndiye aliyetuonesha njia: undeni kampuni ya kweli, gari ziwe mali ya kampuni, halafu njooni na bima yenu moja. Tukafanya hivyo.

Kwa hiyo wenye gari za biashara, bima ya pamoja ni kitu kizuri, siipingi. Lakini mkishazifunga gari pamoja, kosa la mmoja linawafikia wote. Na mwenye gari awe ni mwenye gari.

Aliyewahi kuandikisha mali kwa jina la mwenziwe atwambie yaliyomkuta. Wanaotaka kunicheka nao wapange foleni, maana jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Mwanakhamisi, aliwawahi zamani.

Siku ya kutia saini karatasi za kampuni tulikaa barazani kwetu. Bi Zuhura akashika kalamu, akauliza jina la nani litangulie. Mimi nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa.

Bi Mwanakhamisi, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni kwake, hakuinua hata macho:

"Andika lako, Zuhura. Huyu gari zilikuwa za watu, na hata akili alizokupeni aliziazima ofisi ya bima. Mwacheni na kofia, hizo angalau anashona mwenyewe."