Ubishi wa Mahoro na Benny

Niyonsenga, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanga, alibishana miaka mingi na jirani yake Wenceslas kuhusu makocha wa klabu mbili hasimu za basketi. Yeye alimsifu Mahoro, bingwa wa kushambulia. Mwenzake alimtetea Benny, aliyejali ulinzi. Siku moja hasira zikampanda, akamkaripia Wenceslas mbele ya wateja: "Wewe hujui kitu!" Vita vilipokaribia mtaa wao, Wenceslas akarudi kwao Butembo bila kuaga.

Mwaka huu Benny alitwaa ubingwa kwa ulinzi mtupu. Niyonsenga akampigia Wenceslas simu.

"Muzee, ulisema kweli. Benny ndiye kocha."

"Basketi niliacha kufuata, papa," Wenceslas akajibu kwa upole. "Huku sina mutu wa kubishana naye."

Niyonsenga alitaka kuomba radhi, lakini akaishia kuuliza habari za Butembo, wakaagana.