Mume Aliyerudishwa na Shangazi

Mwezi uliopita, nikiwa kwangu hapa Gitega, niliitazama upya kwenye simu filamu ya Kimarekani niliyoipenda kuliko zote utotoni. Ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, ila safari hii ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini. Ilipoisha nilibaki nimeduwaa. Mume aliyeondoka na sanduku hakurudi. Nami miaka yote niliamini alirudi.

Nililelewa mtaa wa Magarama, hapa hapa Gitega, na shangazi yangu, fundi cherehani. Jumamosi mchana, tukishafua na kuchambua maharagwe, aliweka kando pasi ya mkaa, akatia kaseti ya filamu kwenye deki, nasi watoto tukabanana mkekani juu ya vipande vya vitenge, nyumba nzima ikinuka ndagara, dagaa wa kwetu. Kaseti hizo alizinunua kwa ajili ya magauni, apate kuiga mishono. Kiingereza hakukijua hata kidogo. Lakini alitutafsiria kila neno bila kusita.

Kutazama filamu nilijifunza kwake. Alisema mwigizaji mzuri utamjua akinyamaza. Yule wa nywele za dhahabu, ambaye watu wote walimsifu, hakumpenda. Eti analia huku akichunga rangi ya midomo. Mpaka leo nakubaliana naye. Ila yule mrefu wa kofia, kipenzi chake, kwangu ni gogo lililovalishwa suti, na tulibishana juu yake miaka mingi. Filamu za sasa zina mbio tupu. Zile ziliweza kumwacha mwanamke amesimama mlangoni, anatazama barabara, nawe usithubutu hata kukohoa.

Filamu ile ya mume na sanduku iliishia hapo hapo, mlangoni. Mwanamke alisogeza midomo, shangazi akatuambia anasema mume wake yule anakuja. Tulipiga makofi. Mume wa shangazi mwenyewe alikimbilia Tanzania wakati wa vita, na hakuna aliyeleta habari zake. Tulikuwa watoto; hatukuwaza.

Juzi nilimfuata shangazi Muyinga, huko Butihinda, anakoishi sasa kwa mdogo wake. Amekonda. Nilitaka kumwonyesha ile filamu. Akaisukuma simu taratibu.

"Shangazi, yule bwana harudi," nilimwambia.

Alichukua muhogo kwenye beseni, akaanza kuumenya. "Mi nilijua," alisema. "Kizungu sikuelewa, lakini uso ya yule mama iko inasema yote. Nilikuwa nataka kusikia ile maneno, hata kama ni mi mwenyewe naisema."

Tuliendelea kumenya mihogo mpaka mdogo wake akarudi kutoka shambani.

Nyumba ya Magarama iliuzwa, kaseti ziliota ukungu zikatupwa. Nimezipata kwenye simu filamu nyingine tatu za siku zile, na sijazifungua. Watu huniuliza ni mwigizaji gani wa zamani ninayempenda zaidi, na siku hizi nashindwa kujibu, maana sikumbuki sauti ya hata mmoja wao. Nikifumba macho, wote wanaongea kwa sauti ya shangazi.